Siku Niliyopima Osiloskopu, Ploti Nzima Ikakosa Kwaya

Kusema kweli stori hii inanipa haya mpaka leo, na nikikutana na mtu tuliyeishi naye ile ploti ya nyumba za kupanga kule Kariobangi miaka ya tisini huwa najifanya natafuta kitu mfukoni mpaka apite. Lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa mke wangu, maana yeye huongeza chumvi.

Nilikuwa fundi wa redio na televisheni, na nilikuwa nimepata osiloskopu kuukuu, ile mashine yenye kioo kidogo cha kijani inayochora umeme kama mstari. Aliyeniuzia aliapa ina kasi, nami sikumwamini (mimi ni fundi, najua tunavyoapa). Sasa, kuna njia ya kuipima nyumbani: unaunda kidude kinachorusha umeme ghafla kutoka chini hadi juu, unatazama kwenye kioo mstari unachukua muda gani kupanda, halafu kwa hesabu fupi unajua mashine inaweza kufuata mawimbi ya kasi gani kabla haijalemewa. Mstari ukisimama wima, umebahatika. Ukilala kama mteremko wa Ngong, umeuziwa kabati la chuma.

Basi Jumapili baada ya kanisa nikaketi mezani na kidude changu. Nilitaka waya mzuri, ule mnene wa antena, na nyumbani ulikuwepo mmoja tu, kwa hivyo nikauchomoa nyuma ya TV yetu nikauunga pale kwenye kidude na osiloskopu, nikijiambia waya ni waya. Nikawasha. Mstari ukapanda, ukajikwaa, ukarudi chini kidogo, ukapanda tena ukitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikapima upya, jibu jingine. Nikapima tena, jibu jingine kabisa. Nikabaki nakuna kichwa.

Mara hodi. Alikuwa Mzee Wekesa wa nyumba ya chini, mstaafu wa reli, amevaa suti na tai kwa ajili ya kutazama TV sebuleni kwake mwenyewe.

"Baba Brenda, tuokoe. Televisheni ni chengachenga tupu, na kwaya ya Nasimiyu inaonyeshwa saa hii!"

Nasimiyu ni bintiye, na ndiye aliyeimbisha ile kwaya ilipokwenda kurekodiwa. Katika ploti yetu hakuna aliyewahi kutokea kwa TV, hata kwa kupita nyuma ya mtu. Nyanya yake alikuwa amesafiri kutoka Bungoma kuja kumwona, na sebule ilijaa majirani hadi mlangoni.

Nikashuka na bisibisi (mashine nikaiacha ikiwaka, si narudi sasa hivi?). Nikafungua TV ya Mzee mbele ya umati ule, sikuona ubaya wowote. Mama Atieno akasema hata yake imeharibika, na ya jirani yake pia. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kifundi, "Hii ni kituo. Kituo kina shida."

Jamaa mmoja wa ploti ya ng'ambo akachungulia dirishani. "Kwetu iko fiti, buda."

Nikachanganyikiwa. Lakini ukishatangaza huwezi kunyamaza, kwa hivyo nikasema basi ni upepo umegeuza antena, nikapanda juu ya paa nikaanza kuzungusha antena ya kila mtu, na wao huko chini wananipigia kelele, "Bado! Bado! Sasa imezidi!"

Ghafla vigelegele. "Hapo hapo! Usisogee!"

Nikaganda, nimekumbatia mlingoti wa Mzee. Kwaya ikasikika wazi kabisa. "Baba Brenda juu!" wakaimba, nami (Mungu anisamehe) nikatabasamu. "Ndiye huyo anakuja mbele! Ndiye Nasimiyu!" Halafu, "Aaaah!"

"Nani amekwambia uguse?" Mzee akafoka.

"Sijagusa!" Na kweli, hata kope sikuwa nimepepesa.

Ndipo mke wangu akatokea kwenye baraza, pasi mkononi, akapaza sauti ili ploti nzima inufaike: "Baba Brenda! Hako kadude kako nilikachomoa kidogo nipige pasi sare ya Brenda. Nimekarudishia stima, usije ukanigombeza!"

Nikaufuata kwa macho ule waya wa antena, ambao nilikuwa nimeuchomoa upande wa TV tu, kutoka dirishani kwetu, ukutani, hadi juu kwenye antena yetu iliyokuwa karibu yangu. Yaani mchana ule wote kidude changu kilikuwa kinarusha fujo hewani, na kituo chenye shida kilikuwa mimi.

"Zima!" nikalia.

"Si nimekuwashia sasa hivi?"

"Mama Brenda, nakuomba, zima!"

Akazima. Picha ikarudi safi. Lilikuwa tangazo la sabuni. Kwaya imeisha.

Hakuna aliyenitukana, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilisikia TV ikizimwa, kisha yule nyanya akauliza, "Kwani mtoto si yuko hapa?" Nasimiyu akacheka, akaanza kuimba pale pale sebuleni, bila kinanda. Mimi huko juu nimeshika mlingoti, siwezi kushuka, siwezi kuuachilia.

Alipomaliza, Mzee alichungulia juu. "Shuka ule chapati, Baba Brenda. Lakini hiyo bisibisi iache huko huko."

Nikashuka, nikala nikiangalia sahani. Tangu siku ile, mtu akiniambia chombo chake kimeharibika, kwanza naenda nyumbani kuzima vyangu.