Zaatari ya Mwanamina wa Chumbi

Pikipiki ilizama kwenye mchanga kabla hatujafika Chumbi yenyewe. Nurdini, dereva wangu, akautazama mnyororo uliokatika, akaguna, akanionyesha nyumba ya jirani nikaombe maji. Nikapiga hodi, nikaingia uani.

"Karibu, lakini simama hapo hapo! Na usipige chafya!"

Mama wa makamo alikuwa ameinamia ungo mkuukuu uliowekwa juu ya kitanda cha kamba na kufunikwa kipande cha chandarua. Kando yake mkeka ulikuwa umeshakunjwa na sufuria imeshafungwa kwenye kitambaa. Mpunga wake bondeni ulikuwa unaiva, ndege wa kweleakwelea wameshashuka, na mchana ule alikuwa anahamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti ambamo wakulima wa huku hukaa kulinda mpunga mpaka uvunwe.

"Anauaga mchanga wake," alisema mwanamke mwingine aliyekuwa akimenya muhogo. "Mimi wifi yake, Zaitun. Wenzake wanafuga bata, Mwanamina anafuga mchanga."

"Na wewe unafuga mdomo," akajibu Mwanamina bila kuinua kichwa.

Ndani ya ungo alikuwa amesia zaatari. Majani hayo madogo ya kunukia aliyajua Nizwa, mji wa Uarabuni alikopika miaka mingi nyumbani kwa bibi mmoja. Kule yalikuwa yakitiwa kwenye mkate, kwenye nyama, na kwenye chai ya mwenye kifua. Aliporudi, nguo zilizokuwamo sandukuni ndugu walizigawana kabla ya Ijumaa. Pakiti ya mbegu haikupata mtu.

"Nilikwenda msichana, nimerudi magoti yanalia," aliniambia. "Nataka kitu kimoja cha kule kikubali kukaa na mimi huku."

Mara ya kwanza alipanda kama mtu wa Rufiji anavyopanda mpunga: akachimba vishimo kwenye udongo mweusi wa bondeni, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Hakikuota kitu. Mara ya pili akadhani ni kiu. Akamwagilia asubuhi na jioni mpaka kitalu kikawa tope, mbegu zikaoza.

"Mbegu kama ugoro," akadakia Zaitun, "yeye anaizika kama maiti."

Kilichomfundisha ni zile chache zilizomdondoka kizingitini wakati anafungua pakiti. Hakuna aliyezifukia wala kuzimwagilia, ila umande tu. Zikachipua mbili. Kuku akazila, lakini Mwanamina alikuwa ameshaziona. Basi zilizobaki, mkupuo wa mwisho, alizinyunyiza juu juu kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na samadi kidogo ya mbuzi, ndani ya ungo uliolegea nyuzi ili maji yasikae. Hakufukia hata moja, ingawa mguu ulikuwa unamwasha.

"Jana hamna kitu," alisema. "Leo sijathubutu kutazama. Nikiondoka bila chipukizi, nani atanyunyizia mchanga mtupu? Huyu ameshaniambia ungo atautia motoni."

"Na nitautia."

Mwanamina akafunua chandarua. Akainama, kisha akaniita kwa mkono. "Njoo unisaidie macho."

Nikaona vitone vya kijani, vimetapakaa upande mmoja wa ungo, vyembamba kuliko kope.

"Ukungu huo," alisema Zaitun, lakini kisu alikuwa ameshakiweka chini. Alikuja, akamsukuma wifi yake kwa nyonga, akainama mpaka pua ikakaribia mchanga. "Loo! Vina majani. Mawili mawili!"

"Sema tena."

"Sisemi. Nenda kwenye mpunga wako, ndege wanakula."

"Wifi…"

"Najua. Maji ninyunyize kwa vidole, nisimwage."

"Na kuku?"

"Kuku nitamchinja."

"Kuku ni wangu!"

"Ndiyo maana."

Mwanamina alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akajitwika mkeka, akachukua sufuria, akaniaga kama mtu aliyenijua siku nyingi, akashika njia ya bondeni. Alitembea upesi, na hakugeuka.

Nje Nurdini alikuwa bado anagonga chuma. Zaitun akauacha muhogo umemenywa nusu, akasogeza kigoda chake karibu na kitanda, akanipa bakuli la maji nimshikie.