Ubao wa Fundi Kule

Ukitaka kujua kama Bunia iko salama, achana na redio. Waulize maseremala. Hivyo ndivyo Augustin Kule alivyokuwa akisema kwa miaka kumi, na alisema huku anapiga randa, bila hata kuinua macho. Watu wakiagiza milango, wanatarajia kukaa. Wakiagiza vitanda vipana na makabati ya vioo, wametulia kabisa, wameanza hata kuringa. Lakini siku wanapoacha milango na kuulizia masanduku yenye vipini viwili, kimoja kila upande, ujue mtu ana jambo moyoni ambalo hajamwambia hata mkewe.

Kule alikuja kutoka Butembo mwaka wa 2008, mji ukiwa bado umejaa nyumba zisizo na milango. Wakati wa vita milango ndiyo iliyotangulia kuibwa, mabati yakafuata. Akafungua karakana nyuma ya soko kuu, akaanza kuirudisha mmoja mmoja, na mpaka leo ukipita mitaa ile utaona kazi yake: mbao tatu za kusimama, mbili za kulala, na alama ndogo ya msumeno chini ya bawaba. Alimwoa Mbambu, mwuza maharagwe wa sokoni, mwanamke wa maneno machache na makali. Wakazaa Aimée na wadogo zake wawili. Mtu angeishia hapo, angesema haya ni maisha ya kawaida, na asingekosea sana.

Ila Kule alikuwa na ugonjwa mmoja. Ziwa.

Mtu wa milimani kama yeye, maji aliyoyajua ni ya ndoo. Kisha siku moja akapeleka viti virefu vya kusalia kwenye kanisa dogo kando ya Ziwa Albert, kusini kidogo ya Kasenyi. Alipomaliza kuvipanga akateremka kunawa uso. Pale ufuko ni mchanga mtupu, hauna mawe, unashuka polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika. Alasiri upepo unapoamka, mawimbi yanatoka mbali, yanajipanga, yanavunjika mstari mmoja mrefu. Na juu ya wimbi mojawapo Kule akamwona mzee amelala kifudifudi juu ya ubao wa mtumbwi uliovunjika, anakuja nchi kavu bila kasia, bila injini, anacheka peke yake.

Huyo alikuwa mzee Léon, mvuvi, mwenye mtumbwi wa mbao ambao alikuwa ameuunda na baba yake. Mchezo ule walikuwa wakiucheza tangu ujana, wakirudi kutoka nyavuni. Alimwona Kule ametumbua macho akamwita.

"Fundi, kuja! Maji haikulake, usiogope!"

Siku ile Kule alikunywa maji ya kutosha kumwagilia bustani. Lakini mzee Léon alimfundisha. Alimfundisha kulala ubao ukiwa chini ya kifua, kutazama nyuma, kuhesabu. "Usikamate ya kwanza," alimwambia. "Ya kwanza iko ya mutu ya haraka. Ngoja." Kule akangoja, akakamata la tatu, na lilipomwinua na kumbeba mpaka mchangani alisikia furaha ambayo hakuwahi kuisikia hata siku ya arusi yake. Jambo hilo alimwambia Mbambu kwa bahati mbaya, na Mbambu hakulisahau.

Basi akajichongea ubao wake mwenyewe, wa libuyu, mti mwekundu wa msituni. Aliukausha kivulini mwaka mzima, akaupunguza mpaka ukawa mwembamba kama kidole gumba, na ile ncha ya mbele akaipindisha juu kwa mvuke na kamba, kidogo kidogo, miezi miwili. Kila Jumapili baada ya misa aliufunga ubavuni mwa pikipiki, akapita Bogoro, akateremka ule mteremko mrefu mpaka ziwani. Shemasi akamsema. Majirani wakasema amerogwa na samaki. Mwenyewe akapiga mluzi tu.

Hayo yaliendelea miaka. Kisha mwaka wa 2017 ukaisha, na Januari ikaingia vibaya. Hakukuwa na kitu cha kushika mkononi. Huku umesikia nyumba zimechomwa upande wa Djugu, kule umesikia ni uongo. Watu walipunguza sauti walipotaja majina ya vijiji. Sokoni mihogo ya upande wa Fataki ilichelewa, kisha ikakosekana, na mwanamke aliyekuwa akiileta hakuja kueleza.

Jumapili ya kwanza mzee Léon alimngoja Kule atoke majini, akausugua ule ubao kwa kiganja, hasa pale kwenye ncha iliyopinda.

"Fundi, hii mbao unaweza nipatia?"

"Muzee, mutu anaomba bibi ya mwenzake?" Kule akacheka.

Léon naye akacheka, ila kicheko chake kilikatika njiani. Akampeleka kwenye mtumbwi wake uliopinduliwa mchangani. Mbele kabisa, pale ubavu unapopinda kukutana na pua, ubao mmoja ulikuwa umeoza, unaweza kuuchimba kwa kucha. Fundi wa mitumbwi wa pale kijijini alikuwa amevuka kwenda Uganda wiki mbili nyuma na hajarudi.

"Basi niletee ingine kule Bunia," mzee alisema. "Nitaipinda mimi mwenyewe. Lakini upesi, mwana yangu."

"Dimanche inakuja iko hapa, muzee."

Aliahidi kwa moyo mweupe. Wiki nzima akawa na kitanda cha mteja, na ubao wa mzee hata kukatwa haukukatwa. Jumapili ilipofika, Mbambu alimkuta uani anafunga ubao mmoja kwenye pikipiki. Pikipiki ile haibebi mbao mbili, ukiweka mbili mteremko wa Bogoro unakuua.

"Papa Aimée, mbao ya muzee iko wapi?"

"Itaenda juma ingine."

"Acha yako leo, ukate ya muzee, upeleke."

"Haraka haraka haina baraka, mama Aimée."

"Na ngoja ngoja inaumiza tumbo," Mbambu akasema, akaingia ndani.

Kule akaenda. Mzee Léon alikuwa amesimama pale njia inapoishia, amevaa koti lake la kwenda mjini, hakuna ajuaye kwa nini. Aliona ubao unakuja juu ya pikipiki na uso wake ukang'aa. Kisha ukafika karibu, akaona ni upi.

"Ah," akasema. "Iko yako."

Ufuko ulikuwa umepungukiwa. Mahali palipokuwa na mitumbwi kumi na miwili Kule alihesabu mitano. Wanawake waliokuwa wakianika samaki wadogo mchangani walikuwa wanakunja nyavu, na saa ile siyo saa ya kukunja nyavu. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyelia. Kule aliyaona yote hayo. Yeye aliyesoma usalama wa mji mzima kwenye milango ya watu, aliyaona, na hakutaka kuyasoma, kwa sababu upepo ulikuwa umeamka na mawimbi yalikuwa mazuri kuliko siku zote za maisha yake. Aliingia majini. Alipanda wimbi baada ya wimbi mpaka mabega yakamwaka moto, ufuko wote wake peke yake, na alikuwa na furaha. Lazima isemwe hivyo, maana yeye mwenyewe baadaye hakujificha: alikuwa na furaha sana.

Jumatatu, kwa aibu, aliukata ubao wa mzee. Ulikuwa mzuri, lakini mbichi na umenyooka kama rula.

Siku ya Alhamisi akaja jirani yake Hortense, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyemwagiza mlango wa mbele mwezi wa kumi na moja na kuufuatilia kila siku. Mlango ulikuwa tayari, umeegemea ukutani. Hakuutazama.

"Fundi, ile mulango uache kwanza. Unitengenezee malle, sanduku ya mbao. Kubwa. Uitie mikono mbili, huku na huku."

"Mwalimu unasafiri?"

"Hapana," Hortense akasema. "Siye tuko tu hapa."

Alipoondoka Kule alikaa chini juu ya takataka za randa. Akautazama ubao mbichi wa mzee Léon, na alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba hauwezi kupinda leo wala kesho. Akautazama ule mwingine, wenye ncha iliyokwisha kupinda, uliokauka, uliomchukua mwaka na miezi miwili. Hakungoja Jumapili. Ijumaa asubuhi aliufunga huo, akatia mfukoni misumari, pamba na kopo la lami, na msumeno mgongoni. Mbambu alimsaidia kukaza kamba.

Bogoro maduka yalikuwa yamefungwa. Kwenye mteremko hakupishana na mtu, na mkono wa kushoto, mbali juu ya milima, moshi ulikuwa umesimama sehemu tatu. Moshi wa shamba hutambaa. Ule ulikuwa mweusi na mnene.

Ufuko ulikuwa mtupu kabisa. Mtumbwi mmoja tu, wa mzee Léon, umepinduliwa, na mzee mwenyewe na mkewe Émilienne wamekaa kando yake wanautazama kama watu waliokaa na mgonjwa. Kule akadhani kijiji kizima kimeondoka. Kisha akasikia mtoto mchanga anakohoa kanisani. Akachungulia. Walikuwa wamekaa kwenye viti alivyovitengeneza yeye, kiti baada ya kiti, watu kama themanini, na vifurushi magotini, kimya kama wanangoja misa. Wenye mitumbwi mizima walikuwa wamevuka na jamaa zao. Hawa walikuwa wamebaki na mtumbwi wenye tundu.

Kule aliuweka ubao wake juu ya magogo mawili na kuukata. Mzee Léon aligeuza uso alipousikia msumeno unaingia, ila Kule hakugeuza. Ncha iliyopinda ilikaa mahali pake vizuri mno, kana kwamba ilichongwa kwa ajili ya pua ile. Akapiga misumari, Émilienne akasokota pamba, wakaisukuma kwenye nafasi, wakapaka lami, wakapigilia vipande vya bati juu. Kazi hiyo ilikula saa tatu. Mara mbili walisikia mlio kutoka milimani na mara mbili walisimamisha nyundo.

Walipousukuma majini haukuvuja. Waliingia watu ishirini, wazee na wenye watoto wa mgongoni kwanza. Mzee Léon akamshika Kule mkono.

"Panda, mwana yangu."

"Muzee, niko na bibi na watoto Bunia."

"Basi rudia upesi. Siye tutavusha hawa, tutarudia kubeba wengine."

Mawimbi yalikuwa makubwa. Mzee alihesabu kama siku zote, akaliacha la kwanza, akaliacha la pili, kisha mtumbwi ukapenya, ukainua pua yake mpya, ukaenda. Kule aliuchukua msumeno wake. Ilimbidi apite mbele ya mlango wa kanisa kuifikia pikipiki, na watu sitini walimtazama. Mwanamke mmoja aliyekaa kiti cha mbele akamwuliza kwa upole kabisa:

"Fundi, ingine iko?"

Hakuwa na ubao mwingine. Uliokuwako ulikuwa Bunia, umenyooka. Alitikisa kichwa, akawasha pikipiki.

Jumapili ya wiki iliyofuata redio yenyewe ilitaja kijiji cha mzee Léon kati ya vilivyoshambuliwa. Watu waliokuja Bunia kwa miguu walitaja zaidi, na Kule aliacha kusikiliza redio na akaacha kuwauliza wateja wanataka nini. Alifanya kazi bila mluzi. Usiku hakulala vizuri, na mchana alikuwa akisimamisha randa katikati na kutazama ukutani.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia, namba ya Uganda. Alikuwa Émilienne, anapiga kutoka kambi ya wakimbizi.

"Fundi, siye tulifika. Mbao yako haikuingiza maji, hata kijiko."

"Asante Mungu," Kule alisema. "Asante, mama. Na wale wengine?"

"Tulivusha mara tatu. Siku moja kwenda, siku moja kurudia, upepo ilikuwa mubaya. Mara ya ine, muzee alirudia peke yake. Alifika pale muchangani, hakukuta mutu wa kubeba. Akaingia kanisani. Alikuta viti tu."

Kule aliiweka randa chini.

"Alivipanga," Émilienne alisema. "Vilikuwa vimeanguka. Muzee anakusalimia sana, anasema Mungu akubariki kwa kile kipande cha mbao. Fundi? Uko nasikia?"

"Niko nasikia, mama."

Mbambu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maharagwe. "Walifika?" akauliza.

"Walifika."

"Wote?"

Siku kumi na mbili, alikuwa anahesabu Kule. Jumapili moja alikataa, Jumapili ya pili alipakia ubao wake mwenyewe akaenda kucheza. Katika siku hizo mtumbwi wa mzee ungekwenda na kurudi mara sita. Alilia pale pale mbele ya mkewe, mtu mzima, na Mbambu akaweka sinia chini, akakaa naye mpaka akamaliza, na neno la ngoja ngoja hakulirudia hata mara moja tangu siku ile.

Kesho yake asubuhi Kule aliuchukua ule ubao mwingine, wa mzee Léon, uliokuwa bado umeegemea ukutani karibu na mlango wa Hortense. Akaupima, akaukata vipande sita, akaanza sanduku. Aimée akamwuliza ni la mteja gani. Akamwambia ni la kwao, amshikie upande ule wa pili, apime kipini kikae wapi.