Video ya Shemeji wa Bukene

Mwanangu unayeanza uwakili, kuna siku moja mjini Tabora ninayoikumbuka kama ya juzi. Simu za kugusa zilikuwa ndiyo kwanza zinazagaa, nami nilikuwa wakili mpya, moto kweli kweli. Ofisini kwetu, mtaa wa Chemchem, alikuwa ameketi mteja wangu, Mama Nyanzala, mjane kutoka Bukene. Shemeji yake alikuwa amemfungulia shauri kwenye baraza la ardhi, akidai shamba aliloachiwa na marehemu mumewe.

Asubuhi hiyo shemeji alisambaza video kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na jirani mmoja wa mama akanitumia. “Kaka alimpa shamba huyu mwanamke kwa mkono wake mwenyewe,” alisema, “naye akamlipa kwa kumroga.” Unajua huku kwetu neno hilo humfikisha wapi bibi kizee. Wameuawa watu kwa maneno madogo kuliko hayo.

Damu ilinichemka. Nikaandika jibu refu, siri za familia zikiwa humo humo, kidole tayari kulituma lisambazwe kundini. Mama Nyanzala akanishika mkono.

“Mwanangu, hao unaowaandikia wameshanihukumu. Wewe utalala Tabora. Mimi nitalala wapi?”

Nikalifuta. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tukaenda kutoa taarifa polisi, naye akahamia kwa binti yake Nzega. Hasira zilipotulia niliisikiliza video ile upya, ndipo nikasikia kilichonipita: shemeji mwenyewe amekiri kwamba shamba lilitolewa na kaka yake!

Jirani yule aliyeipokea kundini alikubali kuja barazani na simu yake, akaeleza kwa kiapo jinsi ilivyomfikia na kwamba hakuibadili hata kidogo. Video ikachezwa, na mwenyekiti akamgeukia shemeji.

“Sauti hii ni ya nani?”

“Ni yangu, mheshimiwa,” akajibu, macho chini.

Njia ya mwongo fupi. Shamba likabaki la Mama Nyanzala. Lakini sikudanganyi, mwanangu: hukumu haikuifuta video. Mama hakurudi kulala Bukene. Alikuwa akienda kulima na wanawe, kisha wakirudi Nzega, na wapo waliovuka barabara ili wasimwamkie.

Basi nakuusia: kesi ya mteja usiipeleke mtandaoni, hata ukitukanwa. Ushahidi wa simu utunze kama ulivyopokelewa, na usikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika. Na usijibu lolote kabla ya kumuuliza mteja, maana kichwa kilicho hatarini ni chake.

Mungu akujalie ulimi mtulivu na sikio pana, na wateja wako wakutaje kwa heri hata usipokuwepo.