Laini ya Mdogo Wangu

Mama yetu alikuwa bingwa wa neno moja: sina. Kule Chawia, alikolima kabichi na viazi kwenye shamba lililosimama wima mlimani, kila mtu alijua kwamba mama hana kitu. Baba alijua, ndugu zake baba walijua, hata mweka hazina wa kanisa aliyepita na karatasi ya michango alijua. Kumbe chini kabisa ya gunia la maharagwe kulikuwa na mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe ndimo ilimokuwa karo yetu. Mimi na mdogo wangu tulifika kidato cha nne kwa sababu mama aliweza kudanganya bila kupepesa macho. Sikumlaumu wakati huo na simlaumu leo. Angekuwa mkweli, tungeolewa tukiwa na miaka kumi na sita.

Nilipoolewa Voi nilikuja na tabia hiyo pamoja na masufuria. Mume wangu si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ni fundi wa umeme, hanipigi, na halewi kila siku. Lakini pesa haimkai mkononi. Mwaka wa pili wa ndoa alichukua mtaji wangu wa nyanya akanunua redio ya gari, nasi gari hatukuwa nalo. Aliniambia gari litafuata. Mpaka leo bado linafuata.

Hapo nikasema basi. Nikarudi sokoni na mtaji wa kukopa, na tangu siku hiyo, kila jioni kabla sijanunua hata kibiriti, natoa mia mbili naweka kando. Wenzangu huweka kinachobaki baada ya matumizi, ndiyo maana hawaweki. Mimi natoa kwanza, kisha nyumba inakula kinachobaki. Alhamisi naenda chama, kile cha wanawake cha kuchangiana, lakini chama mume wangu anakijua, tena anajua mpaka zamu yangu ya kupokea ni lini. Nilihitaji mahali asipopajua.

Nikanunua laini ya pili ya simu, niweke pesa humo. Kwa kitambulisho changu sikutaka, maana mji huu ni mdogo na rafiki mmoja wa mume wangu alikuwa akiuza laini. Nikaenda na mdogo wangu, wakati huo hajaolewa bado, tukaisajili kwa kitambulisho chake. Hakuuliza maswali, alilelewa na mama yule yule. Namba ya siri niliweka mimi, na laini yenyewe nikaificha ndani ya pakiti ya sodo, mahali ambapo mwanamume hapekui.

Miaka sita niliweka. Nikapata ploti upande wa barabara ya Taveta, futi hamsini kwa mia, nikawa nalipa kidogo kidogo. Nilitaka karatasi moja tu duniani yenye jina langu peke yangu. Ikabaki elfu sitini, na muuzaji, ambaye alikuwa amepata mteja wa kulipa yote mara moja, akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Kwenye laini nilikuwa na elfu hamsini na nane.

Ndipo mdogo wangu akapiga simu kutoka Kishushe, alikoolewa. Mtoto wake wa kike, miaka mitano, alikuwa ameanguka kutoka juu ya punda wa kubebea maji na paja limevunjika. Mtoto wa namna hiyo hawezi kupakiwa kwenye pikipiki kwa barabara ile. Gari lilikuwa moja, na mwenye gari halitoi mpaka ashike elfu nane.

"Dada, nisaidie," alisema. "Huku nimeuliza kila mtu."

"Sina, mdogo wangu. Biashara imelala."

Neno lilitoka lenyewe. Sikulipima wala sikulitafuta. Akasema sawa, asante. Nikamtumia mia tano kutoka laini yangu ya kawaida, nikajiambia kwamba huko wana majirani, kwamba mumewe ameajiriwa ranchi na tajiri wake hawezi kukosa huruma. Nilirudi kupanga nyanya.

Walingoja siku tatu, mpaka pikapu ya kwenda sokoni ilipopita. Mguu ulikuwa umefungwa na vipande vya mbao na kanga. Hospitalini hapa Voi daktari alisema wamechelewa, mfupa umepandana na nyama imekaza. Mtoto alilazwa wiki nyingi. Kila siku nilimpelekea uji na ndizi, na wauguzi walinisifu kwa upendo. Nilipokea hizo sifa. Mwisho wa mwezi nilikopa elfu mbili kwa chama, nikalipa ploti, nikapewa karatasi yangu. Nilifurahi, sitadanganya. Mtoto alitoka hospitalini mguu mmoja ukiwa mfupi, akichechemea.

Mwaka uliofuata tulikutana Chawia kumvunia mama maharagwe. Tulikuwa tumekaa wawili tunapukuchua, na mimi, kwa kiburi kilichonijaa, nikamwambia mdogo wangu habari za ploti. Nilidhani atafurahi nami. Aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, bila kuinua sauti, kwamba siku ile baada ya kunipigia alikodi pikipiki kwa deni akaenda senta, kwa duka la simu.

"Hiyo laini si ni ya kitambulisho changu?" akasema. "Nilikuwa nacho mkononi. Jamaa angenitolea laini ingine, nibadilishe namba ya siri, nitoe hiyo pesa yote. Hata fomu alikuwa ameshika."

Nikamuuliza kwa nini hakutoa.

"Ulisema huna. Singetaka kuwa mwizi wako, dada. Nilitaka unipe. Nilikaa kwa hiyo benchi nikingoja upige tena, mpaka akafunga duka."

Nilimkasirikia. Ndiyo, mimi ndiye niliyemkasirikia yeye. Kwa nini hakuiba? Angeiba, ningempigia kelele ukoo mzima usikie, ningelia ploti yangu, mtoto angetembea sawa, na mimi ningekuwa niliyedhulumiwa. Badala yake aliniachia pesa yangu yote. Nilitamani kumwomba msamaha na mdomo ukakataa. Tulimaliza gunia zima.

Wasichana wa chama hunifuata niwafundishe, kwa kuwa mimi ndiye mwenye ploti. Nawaambia watoe kwanza kabla ya kula, na waweke mahali mume asipofika. Hayo bado nayaamini, na mwanamke asiyeyafuata namhurumia. Wakiniuliza la kufanya ndugu akija na shida, nawaambia muda umeisha tufunge kikao.

Mwaka huu daktari alisema mguu unaweza kuvunjwa upya upangwe vizuri, lakini iwe sasa, mtoto angali anakua. Nikamwambia mdogo wangu, mbele ya mume wangu, kwamba nitauza ploti nilipe gharama yote. Mume wangu akauliza ploti gani. Nikamwambia tutaongea, na tumeongea tangu hapo, si kwa upole.

Mdogo wangu alisema kwamba mwenye mguu aulizwe. Ana miaka minane sasa. Nikamketisha karibu nami, nikamweleza kwamba watamlaza usingizi, hatasikia, kisha atapona akimbie kama wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya paja lake.

"Mama mkubwa," akauliza, "tutangoja gari siku ngapi?"

Nikamwambia hatutangoja, gari litakuja siku hiyo hiyo, pesa iko. Alimgeukia mama yake kwanza, kumtazama usoni aone kama ni kweli.