Askari Wenye Vitambi

Kaka yangu alipochukuliwa kwenda vitani Uganda, mama hakuuliza kama atarudi. Aliuliza atakula nini. Sisi wenyewe tulishahamishiwa kijiji cha ujamaa huku Ufipa, karibu na misheni ya Mwazye, mashamba ya ulezi tumeyaacha mbali, chakula cha kupimiana. Mama akawa anasukuma sahani pembeni.

Mimi nilikuwa natengeneza rafu za vitabu kwa padri mzee, Mfaransa. Siku moja akanipa picha ya kuchorwa. "Chukua fremu, karatasi tupa." Sikutupa. Kutupa kitu siwezi, mke wangu analalamika mpaka leo. Pichani walikuwa askari wa Kizungu, vitambi vinasukuma vifungo vya koti, mashavu kama maandazi, mmoja yuko lindoni anasinzia.

Mama akaitazama sana. "Huko jeshini ndivyo wanavyowalisha?"

"Ndivyo, mama." Nilijibu tu, sikufikiri.

Akaitundika juu ya kitanda chake, na jioni ile akala. Majirani wakija anawaonyesha anayesinzia. "Huyu ndiye mwanangu kabisa, akishiba ni usingizi."

"Mbona Mzungu?"

"Wewe tazama tumbo, achana na rangi!"

Kisha mama akaugua, padri akaja kumpa komunyo. Kuiona picha, akacheka mpaka akakohoa. Akasema ni ya kwao, ya enzi za babu yake; mchoraji aliwakejeli wenye maduka waliovalishwa sare wakajiona majemadari. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni tu. Akaniuliza kwa Kifipa, "Anacheka nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mdomo wangu huu! Ndio ulionifukuzisha shule darasa la pili, nilipomwambia mwalimu mbele ya mkaguzi kwamba suruali yake imepasuka nyuma. Na ilikuwa imepasuka kweli.

"Anasema hawa wamechorwa hivyo ili wachekwe, mama. Askari hawako hivyo."

"Kwa hiyo askari hashibi?"

 Padri akaacha kucheka. Jioni mama hakugusa chakula, wala kesho yake. Akapona ule ugonjwa, lakini akawa wa kuonja tu, matonge mawili, basi.

Baada ya mavuno wakaja askari wawili, sare zinawapwaya, wamebeba sanduku la bati la kaka. Walipomaliza kutuambia, mama hakulia. Alichinja kuku aliyekuwa ameatamia, tulikuwa naye huyo huyo, akasonga ugali, akawawekea.

"Kuleni, wanangu."

"Tumeshiba, mama."

"Mnadanganya. Kuleni."

Akakaa mbele yao akiangalia kila tonge. Walipomaliza akamgeukia aliyekuwa mwembamba zaidi.

"Siku ile, alikuwa amekula?"

Yule akanitazama mimi kwanza. Nikainamisha kichwa.

"Alikula, mama. Wali na nyama. Akabakiza."

Hapo ndipo mama akalia. Kama ni kweli au si kweli, mimi sikumuuliza yule askari, hata nilipowasindikiza mpaka barabarani.