Nyanya Kaari na Mfereji wa Koo Tatu

"Nyanya, hao wazee wa mfereji hawana askari wala jela. Kwa nini unawatii?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la pili, miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Alikuwa ameinama akiziba tawi la mfereji liingialo shambani kwetu kwa kigogo cha mgomba na udongo, ili maji yote yashuke kwa watu wa bondeni. Mvua ilikuwa imekataa. Babu alikuwa kizuizini, nduma za nyanya, magimbi yapendayo maji, ndizo zilizotulisha, na majani yake yalishaanza kujikunja.

Serikali ilikuwa imetuhamishia kijiji kilichozungushiwa handaki, kwenda shambani na kurudi ni kwa filimbi. Amri zake watu walizihepa kila walipopata upenyo. Nyanya mwenyewe alipitisha ndizi mbele ya askari, amezificha chini ya kuni. Lakini wazee wa mfereji, waliochaguliwa na koo tatu, walisema tu tuzibe mpaka mvua inyeshe. Baba mdogo Ngari akacheka: maji yanapita kwetu kwanza, tukijifungulia nani atatuona?

"Njoo ukanyage udongo," nyanya akamwambia, "hiyo miguu mirefu nayo ifanye kazi."

Nduma nyingi zilikauka. Tulikula mihogo mpaka nikaichukia.

Mwaka uliofuata mbuzi wetu walidhoofika kwa kukosa chumvi. Udongo wa chumvi ambao mbuzi hulamba uko bondeni, kwa akina Njoka, wale wale tuliowaachia maji, na wao hawakutaka kuona mbuzi wa ukoo mwingine. Wazee wa mfereji wakaamua akina Njoka wafungue lango. Tulipofika tulimkuta Njoka mwenyewe langoni, amenuna kama aliyemeza shubiri. Akaondoa miiba. Nyanya akamwamkia kwa heshima zote, mbuzi wakaingia mbio.

Sasa niko shule ya kati. Mwalimu Mwongera ametusimulia kwamba kuna nchi sita za Ulaya zilizojiwekea mahakama moja juu yao, nazo zinaitii ingawa haina jeshi. Darasa zima tulishangaa. Likizo ilipofika nikamweleza nyanya, akiwa anamenya nduma, nikamrudishia swali langu la zamani. Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi.

"Kulitii neno la wazee tulikubaliana kabla ya kiangazi, na uji wa kikao kile niliupika mimi. Ningelivunja, mbuzi walipodhoofika ningemlilia nani? Ukirudi shule mwulize mwalimu wako: hao wa Ulaya, mbuzi wao hulamba chumvi ya nani?"