Alama kwenye Shingo ya Mpiga Fidla

Juzi ndani ya tramu nilimwona msichana aliyebeba fidla, ana alama nyekundu shingoni, nikakumbuka alasiri ya utotoni ambayo maman, mama yangu, alinipeleka kwenye tamasha la muziki.

Maman alikuwa msafishaji wa ukumbi ule, na aliniahidi kwamba baadaye tungemsalimu mpiga fidla mwenyewe. Ukumbi ulinukia nta na manukato ya wazee. Tulikaa karibu sana na jukwaa, hata nikamsikia mwanamke yule mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza. Ndipo nilipoiona alama chini ya taya yake. Sikuusikia tena muziki.

Tamasha lilipokwisha, alitufungulia mlango wa chumba chake. Nilisahau salamu niliyoikariri wiki nzima, nikamuuliza kwa Kifaransa, "Madame, nani alikupiga?"

"Eh, mutoto huyu!" maman alisema, akinivuta mkono.

Lakini mpiga fidla alichuchumaa, akanionyesha fidla yake. "Ni huyu. Kila siku, tangu nikiwa mdogo kama wewe."

Leo najua ni alama ya mazoezi, ya fidla kubanwa shingoni kila siku. Siku ile nilimkumbatia taratibu nisimuumize, nikamwambia nyumbani kwetu, mtaa wa Jette, kuna nafasi, aje kuishi nasi.

Hakucheka. Aliuliza kama fidla nayo inakaribishwa.

Nilifikiri kidogo, nikasema hapana.